Anga la Desemba, Kililana, Lamu

Jumapili, 10 Desemba 2023

Usiku hauna mwezi. Baada ya Isha nimetoka na kijana wa kakangu hadi nyuma ya shamba, ambako miembe inatukinga na taa za bandari. Tumeegemeza darubini ya macho mawili juu ya nguzo ya ua, maana mkono usipotulia nyota hucheza. Kilimia, ambacho kwa macho kina nyota sita au saba, kimejaa nyota tele. Kando ya Mshtarii tumeona vinukta vilivyojipanga mstari mmoja: ni miezi yake, ile ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Kijana amekataa kurudi ndani.

Jumanne, 12 Desemba

Jamhuri Dei, nchi imetimiza miaka 60 ya uhuru. Nimemweleza kijana kwamba siku kama ya leo mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kusini mwetu, roketi ilirusha setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za angani, iliyopewa jina Uhuru. Waitalia ndio waliokuwa wakiliendesha jukwaa hilo.

"Ami, kwa nini darubini ipelekwe juu, na nyota tunaziona hapa?"

Nimemjibu kuwa mwanga wa macho hutufikia, lakini eksirei kutoka angani hunaswa na hewa kabla ya kugusa ardhi. Anayeitaka hana budi kutoka nje ya hewa. Uhuru haikuwa na lenzi. Ilibeba vihesabio vya eksirei, ikajizungusha polepole ikifagia mbingu. Na kwa nini pwani hii? Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Tena njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Alhamisi, 14 Desemba

Vimondo vimepita vingi usiku huu; hivyo havihitaji chombo. Lakini Cygnus X-1, chanzo cha eksirei upande wa kaskazini magharibi, jicho halitaiona kamwe. Uhuru iliipima ikakuta eksirei zake zikibadilika kwa kasi ya ajabu, na vipimo hivyo vikawasaidia wataalamu kutambua kuwa pale pana shimo jeusi. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Aprili mwaka huu Kenya imerusha setilaiti yake, Taifa-1, lakini kutoka Marekani. Watoto wa Lamu wanastahili kufundishwa kuwa ramani ya kwanza ya mbingu za eksirei ilianzia kwenye bahari yao. Kila shule ya huku ipewe darubini, hata moja ndogo.