Kabla ya kuhamia Mombasa: siku tatu Junda

Kwa wale waliouliza mbona nimekuwa kimya, jibu ni fupi: tunahama. Mke wangu ni muuguzi na amepata kazi katika hospitali moja kisiwani Mombasa. Mimi kazi yangu ya kuandika programu naifanya popote penye stima na mtandao. Kwa hivyo baada ya miaka sita hapa Voi, mwezi ujao tunafunga virago, sisi wawili na binti yetu wa miaka minne.

Leo basi hakuna msimbo. Nataka kuwaeleza nilivyokwenda kutafuta mtaa, maana nimeona jinsi watu wengi wanavyohamia mji mkubwa. Mtu anaona picha za nyumba kwenye simu, anatuma dipositi kwa M-Pesa, kisha anapakia vitanda kwenye lori. Mtu huyo huyo akienda kununua simu ya shilingi 10,000 atakaa dukani saa nzima akiigeuzageuza!

Sisi tulikuwa na masharti manne tu. Kodi isizidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Maji yapatikane. Mtandao uniwezeshe kufanya kazi na wateja wa Nairobi na Ulaya. Sharti la nne ndilo lililotunyima usingizi: zamu ya mke wangu inaisha saa mbili usiku. Maana yake, siku tatu au nne kila wiki atashuka kwenye matatu karibu saa tatu, peke yake, gizani. Ikiwa njia ya kutoka stendi hadi mlangoni si salama, hayo masharti mengine matatu ni bure.

Unachagua mtaa, unachagua na kivuko

Mgeni wa Mombasa aelewe jambo moja kwanza. Katikati ya mji ni kisiwa, na wengi wanaofanya kazi kisiwani hulala bara. Kusini kuna Likoni, magharibi kuna Changamwe, kaskazini kuna Nyali na Kisauni. Kila upande una njia yake ya kuingilia kisiwani, na njia hiyo ikiziba, umeziba nayo.

Nilianza na Likoni kwa sababu kodi ni nafuu na mtembea kwa miguu hapandi feri kwa pesa. Nilisimama pale kivukoni Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nikatazama. Watu ni bahari juu ya bahari. Feri zote zikiwa nzima, mambo huenda. Moja ikipata hitilafu, foleni inapanda mlima. Wenye magari siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia, lakini muuguzi anayetoka zamu usiku hana gari. Halafu kuna jambo ambalo watu wa huku hawalisemi kwa sauti kubwa ila hawajalisahau: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na zaidi ya watu 250 wakafa. Mke wangu aliniambia wazi kwamba hataki kuvuka maji gizani mara nne kwa wiki. Likoni ikatoka.

Changamwe ina faida ya kutokuwa na feri. Unapita Makupa, ambako tangu 2022 kuna daraja jipya mahali pa ile njia ya zamani ya kujazwa udongo, na maji ya bahari yanapita tena chini yake. Nilipapenda, na mafundi wa kila aina wapo. Lakini malori ya bandarini hayalali, na binti yetu ana pumu. Nilitembea saa mbili kando ya barabara nikarudi na kitambaa cheusi mfukoni. Changamwe nayo ikatoka.

Ikabaki kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Nyali yenyewe si ya mfuko wangu. Nyuma yake kuna Kisauni, na ndani ya Kisauni, kando ya hori ya Tudor penye mikoko, kuna Junda.

"Kisauni? Kule kwa mapanga?"

Hilo ndilo nililoambiwa na kila mtu niliyemtajia. Si maneno matupu. Kisauni imetajwa mara nyingi kwenye habari kwa sababu ya makundi ya vijana wanaovamia watu kwa mapanga. Ila nilikuwa najua pia kwamba maelfu ya watu wanaishi huko, wanakwenda kazini na kurudi, wanalea watoto. Wote hao hawawezi kuwa wendawazimu. Katika kazi yetu, mteja akisema "programu yenu haifanyi kazi", humwambii ni mwongo na wala huitupi programu nzima. Unauliza: ukurasa gani? Saa ngapi? Ulibonyeza nini? Basi nami nikaenda kuuliza: njia ipi, saa ngapi?

Nilichukua chumba cha gesti Mishomoroni, jirani na Junda, kwa siku tatu. Nilikuwa na daftari, simu mbili zenye laini za kampuni mbili tofauti, na kompyuta.

Usafiri. Nilipanda matatu kwenda kisiwani kila asubuhi kama mfanyakazi, si kama mtalii. Nikiondoka saa kumi na mbili na nusu, safari ya kupita Kongowea na Daraja la Nyali ilinichukua dakika 55. Nikiondoka saa nne, dakika 25. Usiku, kutoka mjini saa mbili na robo, dakika 35. Dalali aliyeniambia "mjini ni dakika ishirini" hakusema uongo, alichagua tu saa yake.

Maji. Hapa ndipo nilipojifunza kuuliza vizuri. Ukiuliza "kuna maji?" kila mwenye nyumba atajibu ndiyo. Mombasa hupata maji kutoka mbali, yakiwemo ya Mzima, kule Tsavo, na ya Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi mji. Kwa hivyo nikabadilisha swali: mara ya mwisho maji ya mfereji yalitoka siku gani? Tangi ni la lita ngapi na wanalitumia watu wangapi? Kisima ni cha maji baridi au ya chumvi? Majibu yakaanza kuwa ya kweli. Nyumba nyingi zina kisima cha chumvi cha kufulia na kuogea, na maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Sawa, hilo linaingia kwenye bajeti.

Mtandao. Kabla ya 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti kupata intaneti ya nje. Mwaka huo kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Yaani intaneti ya Kenya nzima inaingilia mlangoni hapa, si mbali na Junda. Lakini kukaa karibu na bomba si kuwa na mfereji ndani. Niliandika skripti ndogo ya kupima pingi kwenye seva moja ya Nairobi kila dakika, usiku na mchana. Mchana nilipata milisekunde 30 hadi 40. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne, watu wakiwa nyumbani na simu zao, laini moja ilipanda hadi 300, ile nyingine ikabaki 60. Faiba nayo inafika kwenye baadhi ya vichochoro na vingine haijafika. Usimuulize mwenye nyumba, tazama nguzo iliyo nje kama ina kebo, halafu gonga kwa jirani uulize kama inafanya kazi.

Nyumba mbili

Siku ya pili nilikuwa nimebaki na nyumba mbili.

Ya kwanza ilikuwa chini, upande wa hori. Vyumba viwili, ukumbi mkubwa, mwarobaini uani, upepo wa bahari hata feni huihitaji. Kodi shilingi 9,000. Ya pili ilikuwa karibu na stendi, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili vidogo vinavyotazama ukuta wa jirani na duka la mabati. Kodi 13,500. Ningechagua kwa macho tu, ningekwisha kulipa ile ya kwanza.

Nilikaa kibarazani kwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi za nazi karibu na nyumba ya hori. Nikamwamkia, nikanunua, nikala, nikanunua tena. Mtu huulizwa baada ya kuungwa mkono.

"Mama, ile nyumba yenye mwarobaini ni ya nani?"

"Nyumba au ardhi, mwanangu?"

Jibu hilo lilinifumbua macho. Pwani yetu kuna desturi ya zamani ya mtu kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi pengine haonekani miaka na miaka. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya ardhi ya 1908 ilitaka watu wa pwani wapeleke madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, hata kama kulikuwa na watu wakiishi juu yake. Kule Likoni, suala la shamba la Waitiki, ekari 930, lilisumbua karibu miaka 20 kabla ya wakaaji kuanza kupewa hati 2016. Mpangaji hawezi kuyatatua haya, ila anaweza kuuliza: kuna kesi? Kuna mtu amewahi kuja na barua? Mama yule alisema hapo hapana kesi, ila mzee mwenye ardhi amefariki na watoto wake hawajaelewana. Nikaandika daftarini.

"Na usiku, mama, njia hii ikoje?"

Alinitazama. "Kwako wewe au kwa mkeo?"

Jaribio ambalo halikuwa langu

Hilo tulikuwa tumeshalipanga tangu Voi. Mimi ni mwanamume mrefu wa kilo 90. Nikipita kichochoroni saa tatu usiku napima kitu kingine kabisa, si kile atakachokipima yeye. Huwezi kuijaribu programu kwa akaunti ya msimamizi halafu ukasema watumiaji wote wataingia bila tatizo.

Kwa hivyo siku ya tatu mke wangu alikuja na basi kutoka Voi, mtoto tukamwacha kwa shangazi yake. Saa mbili na robo usiku alipanda matatu mjini, na mimi nikapanda ile iliyofuata nyuma. Alishuka stendi akatembea mbele, nami nyuma hatua kama hamsini, bila kuzungumza.

Kuelekea nyumba ya hori, dakika tatu za kwanza zilikuwa nzuri: maduka, viazi karai, wazee kwenye baraza wakicheza bao. Kisha taa zikaisha. Kuna mahali, baada ya ukuta mrefu wa ploti isiyojengwa, ambapo hakuna mlango hata mmoja kwa hatua mia mbili. Nilimwona akihamisha mkoba kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, upande wa ukuta. Hakugeuka, ila alianza kutembea haraka. Hapakuwa na mtu yeyote. Hakutokea chochote.

Tukarudi stendi, tukaenda ile ya pili. Dakika nne. Duka la dawa, msikiti, kinyozi, mama wa chapati, keateka mwenye redio langoni. Alipopita kwa mama wa chapati alisalimiwa, akasimama, wakazungumza. Nilimfikia akiwa ameshika chapati mbili.

"Hii," akasema.

Nikamkumbusha upepo, mwarobaini, na tofauti ya shilingi 4,500 kila mwezi.

"Hizo 4,500 ni za milango," akanijibu. "Huku nimehesabu kumi na tisa iliyo wazi. Kule hakuna."

Sikuwa na la kuongeza. Mimi nilikuwa na siku tatu za pingi, yeye alikuwa na hesabu ya milango, na yake ndiyo iliyoamua.

Tumelipa dipositi baada ya kuona stakabadhi na kukutana na mwenye nyumba uso kwa uso. Sisemi Kisauni yote ni salama, wala sisemi ni hatari. Nasema njia moja, ya dakika nne, saa tatu usiku, imepimwa na mtu atakayeipita. Nawe ukihamia mji mkubwa, mwache atakayerudi amechelewa kuliko wote nyumbani kwenu ndiye achague mtaa.

Yaliyobaki ni madogo: pipa la lita 200, laini ya pili ya mtandao, shule ya chekechea. Tukishatulia, karibuni Junda. Chai ipo, mahamri yapo. Maji itategemea mmekuja siku gani.