Picha ya Liemba

Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya katika Ziwa Tanganyika.

Hapa Igamba mjukuu wangu amechukua picha yetu ya zamani ya meli hiyo, isiyo na rangi, akaitengeneza kwa kompyuta. Maji yamekuwa ya buluu, bomba linafuka moshi, anga limewiva kwa machweo. Ni kazi ya fundi hasa. Lakini mitumbwi iliyoizunguka meli ameifuta. "Inachafua picha, Babu," alisema.

Ndugu msomaji, vijiji vingi vya ziwa lile havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, abiria na mizigo wakaifuata kwa mitumbwi. Ukifuta mitumbwi, unabaki na meli isiyo na kazi. Tena katika mtumbwi mmojawapo alikuwamo marehemu kaka yangu, akienda masomoni. Hatuna picha yake nyingine.

Sina ugomvi na rangi. Hata siku ile ziwa lilikuwa na rangi yake; kamera ndiyo iliyoshindwa kuinasa. Kuongeza rangi ni kukisia, bali kumfuta mtu ni kushuhudia uongo. Nimemwagiza mjukuu aitunze picha ya awali, na nyuma ya ile mpya aandike: "Imetengenezwa."