Mume Anasikia Kutapika, Mke Ndiye Anapimwa Mimba

Wasee, kuna sheria moja hapa Chebunyo ambayo haijaandikwa popote: mwanaume akisikia kutapika wiki nzima, anayetumwa kununua kipimo cha mimba ni bibi yake. Ati mume anakubebea mimba. Nimepima mara tatu. Mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja. Mara ya tatu muuzaji wa duka la dawa aliniuliza kama nina hakika najua kukitumia.

Mzee wa nyumba nitamwita Kip. Huku ukiita Kip sokoni nusu ya wanaume wanageuka, kwa hivyo siri yake iko salama. Ana miaka 25. Kwa miezi minne alikuwa anaamka na kichefuchefu, mate yamejaa mdomoni, kichwa kinagonga, jasho linatoka hata asubuhi ya baridi. Ugali anausukuma tu kwa sahani. Mshipi wake niliutoboa tundu mbili mpya kwa msumari wa moto.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe aliangalia tumbo langu. Majirani walitaja boma fulani, na hiyo siigusi, juu ni uchochezi. Kliniki moja ya mjini ikasema taifodi, na hapo ndipo pesa zilianza kutoka.

Hicho kipimo cha taifodi cha haraka, Widal, kimepewa jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, na ni cha mwaka 1896. Kinatafuta kingamwili kwenye damu. Shida ni kwamba kingamwili zinaweza kubaki hata ugonjwa ukiisha, kwa hivyo kupimwa mara moja hakuwezi kukuambia kama taifodi iko leo ama ulikuwa nayo mwaka juzi. Kip alidungwa sindano siku saba. Siku ya nane akaamka vilevile.

Wakahamia kwa kidudu cha vidonda vya tumbo, H. pylori. Hiki nakiheshimu juu ya storii yake. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikinywa mwenyewe kwa makusudi, akaugua, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini kidudu hicho kinaishi kwenye matumbo ya watu wengi sana Afrika, na wengi wao hakiwasumbui hata kidogo. Kukikuta tumboni si sawa na kukuta sababu ya ugonjwa. Kip akameza vidonge wiki mbili, na vidonge vyenyewe vinaleta kichefuchefu. Hebu fikiria hiyo hesabu.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa anakisema kwa sauti nyumbani. Mtu wa Bomet akikataa chakula, wote tunawaza saratani ya umio. Madaktari wa Tenwek wameandika kuhusu huu ugonjwa miaka mingi, na kilichoshtua dunia ni kwamba walikuwa wanaukuta hata kwa watu ambao hawajafika miaka 30. Usiku nilikuwa nasikiza Kip akimeza mate. Nilikuwa nahesabu.

Tukauza mbuzi wawili, tukaenda Tenwek akaingizwa kamera ya tumboni. Umio safi. Tumbo limewasha kidogo, si kitu cha kutisha. Nilishukuru Mungu hapo kwa benchi, halafu nikashikwa na hasira, juu kama si hiyo, ni nini basi?

Daktari aliyetuona baadaye ni kijana kama sisi. Aliuliza swali ambalo kwa miezi minne hakuna mtu alikuwa ameuliza.

"Unafanya kazi gani?"

"Kazi za hapa na pale tu, daktari," Kip akasema.

Nikadakia, "Anapulizia watu ng'ombe dawa ya kupe."

Watu wakisikia Bomet wanaona majani chai. Hayo ni ya huko juu. Huku Chepalungu chini ni jua, mahindi na ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe bila dawa ya kupe anaweza kuondoka na ndigana. Josho la zamani likikufa, kazi inabaki kwa kijana mwenye pampu ya mgongoni. Kip anazunguka boma kwa boma, siku nne ama tano kwa wiki, shilingi 30 kwa ng'ombe. Pampu inavuja, shati linalowa mgongoni mpaka jioni. Akimaliza anakunywa maziwa nusu lita, juu kila mtu anajua maziwa yanaosha sumu. Hayaoshi. Sumu imepita kwenye ngozi na puani, maziwa yako tumboni, hawakutani.

Daktari akauliza ni dawa gani na siku gani anaumwa zaidi. Kip hakumbuki. Lakini mimi kazi yangu ni kurekodi maisha. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo simu yangu imejaa video za nyumba yetu, kila moja na tarehe yake. Tulikaa pale tukizipitia. Hapa amebeba pampu, kesho yake ameinama nyuma ya nyumba. Wiki ya mazishi ya babu yake hakufanya kazi, na kuna video anakula pilau sahani mbili akicheka. Kwa video nyingine nilikuwa nimeonyesha mkebe wa dawa, nikitania jina lake. Daktari akakuza picha, akasoma maandishi madogo: organofosfati.

Hiyo familia ya sumu inazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu. Ujumbe usipozimwa, mate yanatiririka, jasho linatoka, tumbo linasokota, macho yanaona ukungu. Mwaka 1936 mwanakemia Mjerumani, Gerhard Schrader, alikuwa anatafuta dawa ya wadudu kwenye familia hiyohiyo akaangukia tabun, gesi ya vita. Na sisi tulikuwa tunaning'iniza ovaroli yenye hiyo kitu nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Damu ilipelekwa Nairobi kupimwa hicho kimeng'enya. Kilirudi kikiwa chini ya kawaida. Daktari alisema kitapanda chenyewe, lakini polepole, inaweza kuchukua miezi, na kila akishika dawa kabla hakijapanda anaanza upya.

Wiki ya tatu bila pampu, Kip aliomba chai asubuhi. Wiki ya sita alimaliza ugali. Siwezi kukuapia kwamba ni dawa ya kupe peke yake, daktari mwenyewe hakuapa, lakini nimeona sahani.

Sasa shida ni mfuko. Siku nzuri ya pampu ilikuwa shilingi 1,200. Video zangu zinalipa bando na sukari. Kip anataka kurudi, na si ujinga: ng'ombe wa watu wanakufa kweli, na mwenye pampu ndiye anayelaumiwa. Tumekubaliana pampu mpya isiyovuja, glavu za mpira za kufika kwenye kiwiko, gambuti, barakoa ya kemikali, kupuliza upepo ukiwa mgongoni, na nguo kufuliwa kando na zangu. Nimepiga hesabu ya hivyo vitu. Ni kama mbuzi mwingine, na mbuzi wameisha.

Kipimo cha pili cha damu ni mwezi ujao. Jana mzee mmoja wa ng'ambo ya bwawa amepiga simu mara tatu, kupe wamejaa kwa masikio ya mtamba wake. Kip amenitazama, mimi nikaangalia kalenda ukutani. Akamwambia mzee asubiri karatasi.