Angella Okutoyi na Swali la Mwalimu

Mwaka jana mwalimu wetu wa utungaji alitutaka tuandike habari za maisha ya mtu wa Afrika Mashariki tunayemheshimu. Wenzangu wengi waliandika juu ya marais, waandishi na wanamuziki. Mimi niliandika juu ya mcheza tenisi wa Kenya, Angella Okutoyi. Nilijaza kurasa nne kwa usiku mmoja, nikamalizia na ushindi wake wa Wimbledon, nikalala nikiwa na hakika ya alama nzuri. Karatasi iliporudi, chini yake palikuwa na swali moja kwa wino mwekundu: "Na baada ya hapo?"

Nieleze kwanza kwa nini nilimchagua. Okutoyi alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki katika uzazi huo, wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja mtaani Loresho, Nairobi. Mjomba wao, aliyekuwa akifundisha tenisi, ndiye aliyewashikisha raketi wakiwa wadogo sana. Alipofika umri wa miaka kama kumi, Angella alipata ufadhili wa kwenda kufunzwa katika kituo cha kanda ya Afrika Mashariki cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa. Wakati huo kituo hicho kilikuwa Bujumbura.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mimi pia nilizaliwa 2004. Mimi pia nimelelewa na bibi, katika mtaa wa Buyenzi, hapahapa Bujumbura. Bibi yangu alikuwa anauza ndagala, yaani dagaa wa Ziwa Tanganyika. Soko kuu lilipoungua Januari 2013 meza yake iliteketea pamoja na meza za wengine, akaanza upya na sinia moja kichwani. Nikitoka shule nilikuwa namfuata nyuma, nimebeba kopo la kupimia. Kumbe katika miaka hiyohiyo, katika mji huohuo, mtoto wa umri wangu, mjukuu wa bibi kama mimi, alikuwa ugenini anapiga mipira asubuhi na jioni. Tangu siku ile nikamhesabu kuwa ndugu.

Ndiyo maana insha yangu ya kwanza ilikimbilia ushindi. Niliandika jinsi alivyotwaa ubingwa wa Afrika wa vijana chini ya miaka 18 huko Tunisia mwaka 2021. Niliandika jinsi Januari 2022, nchini Australia, alivyokuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya mmoja mmoja katika mashindano ya vijana ya Grand Slam. Kisha nikafika Julai 2022, Wimbledon, ambako alicheza wawili wawili pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Katika fainali walikutana na Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na pointi za kuamua mshindi zikaisha 11-9. Kwa mara ya kwanza Mkenya akabeba kombe la Grand Slam la vijana. Hapo nikaweka nukta.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuweka nukta pale. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi chuoni baada ya kukaa nyumbani mwaka mzima. Bibi aliugua, ada ikakosekana, na wenzangu niliojiandikisha nao wakanitangulia. Majirani waliniuliza kuna haja gani ya kurudi kusomea lugha ya sokoni, maana Buyenzi Kiswahili tunazaliwa nacho. Sikuwa na la kuwajibu. Nilitaka hadithi ambayo bibi anahangaika, mjukuu anashinda, na mambo yanakwisha.

Swali la mwalimu lilinilazimisha kusoma tena, na safari hii nilisoma habari za tenisi yenyewe. Nikagundua kwamba kombe la vijana halimpi mtu ajira. Mcheza tenisi wa kulipwa hana klabu ya kumlipa mwisho wa mwezi kama mcheza soka. Nauli, chumba cha hoteli na kocha ni juu yake, na fedha huingia tu akishinda. Mashindano ya kimataifa ya wanawake ya ngazi ya chini kabisa huwa na zawadi ya dola 15,000 kwa jumla, nazo zinagawanywa kwa wachezaji wengi. Anayetolewa raundi ya kwanza anaweza kurudi nyumbani na fedha zisizotosha hata tiketi ya ndege iliyomleta.

Jambo jingine ni pointi zinazompandisha mchezaji katika orodha ya ubora duniani. Kila pointi huishi wiki 52, kisha hufutwa. Ulichoshinda mwaka jana lazima ukishinde tena mwaka huu, la sivyo unashuka, hata kama ulikuwa kitandani unauguza goti. Hapo nilimkumbuka bibi na sinia lake. Ndagala wa jana hawauziki kwa bei ya leo.

Baada ya Wimbledon, Okutoyi alikwenda Marekani. Mwanzoni mwa 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama, akawa anasoma na kuichezea timu ya chuo. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliona kama amerudi nyuma. Bingwa anakaaje darasani? Baadaye nikaelewa hesabu yake. Kwa ufadhili wa chuo anapata kocha, viwanja, safari na mechi nyingi, na akimaliza anatoka na shahada mkononi. Wala raketi hakuiweka chini: Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, alitwaa medali ya dhahabu ya mmoja mmoja.

Lililonishangaza zaidi lilikuwa upande wa pili wa wavu. Victoria Mboko, aliyeshindwa katika fainali ile, ni mtoto wa wazazi waliotoka Kongo, nchi ambayo sisi wa Bujumbura tunaiona milima yake ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na miaka 15 tu siku ile. Mwanzoni mwa 2025 jina lake lilikuwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Agosti mwaka huohuo aliingia mashindano makubwa ya Montreal kwa nafasi ya kualikwa, akamfunga Naomi Osaka katika fainali na kuwa bingwa akiwa na miaka 18.

Basi ile 11-9 iliamua nini? Iliamua nani abebe kombe jioni ile. Aliyeshinda alikwenda darasani, aliyeshindwa akawa bingwa wa wakubwa miaka mitatu baadaye, na wote wawili safari bado inaendelea. Hata Mboko pointi zake za Montreal zina wiki 52.

Niliandika insha upya. Habari za Wimbledon nilizibakiza katika aya moja, nikaongeza habari za bibi wa Loresho, za nauli na za Auburn. Usiku nilimsomea bibi yangu, ambaye sasa anauza akiwa amekaa mlangoni kwetu kwa sababu miguu haimpeleki mbali. Alikuwa anachambua ndagala, akitoa mchanga na vijiti. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Huyo mtoto bado anacheza?"

"Bado anacheza, bibi. Na anasoma."

"Kumbe hajafika."

"Bado, bibi."

Akafunika sinia kwa kitambaa, akanipa nilitie ndani.

"Haya, zima taa ulale," akasema. "Kesho una darasa."