Vidole Vilivyokataliwa na Mashine



Wapo rafiki zangu ambao wakisikia neno teknolojia hufikiria roketi, roboti na akili mnemba. Mimi nikilisikia hukumbuka mwavuli wa wakala wa simu pembeni ya stendi ya Newala, mwezi Januari 2020, na mama yangu amesimama chini yake, amenyoosha mikono miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

Mnaikumbuka miezi ile. Serikali ilikuwa imeagiza laini zote za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulipangwa kuwa 31 Desemba 2019, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya mwaka mpya. Nikasema nitampeleka mama mwenyewe, jambo la nusu saa, turudi tukale.

Tulikaa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Namba yake ya NIDA alikuwa nayo, imeandikwa kwenye kipande cha daftari na kukunjwa ndani ya kitambaa. Ni tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mama haijui siku aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba ulikuwa msimu wa mabibo, miaka michache kabla ya Uhuru. Afisa aliyemwandikisha akamwekea 1 Julai, mwezi ambao mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Mama alilicheka jambo hilo siku zote. Husema serikali imemzaa mara ya pili, ila haikusubiri korosho zikomae.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa wakala alimwomba aweke kidole gumba cha kulia. Kifaa kikawaka taa, kikakataa. Akaweka cha kushoto, kikakataa. Vidole vya shahada, vyote viwili, vikakataa. Kijana, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akamwambia, “Bibi, futa mkono vizuri.” Mama akafuta kwa khanga. Kikakataa. Akanawa kwa sabuni kwenye bomba la mama lishe wa jirani. Kikakataa. Mtu mmoja kwenye foleni akashauri apake mafuta, mwingine akasema mafuta ndiyo yanaharibu. Nyuma yetu watu walianza kunung’unika, na walikuwa na haki, jua lilikuwa kali na siku zilikuwa zinakwisha. Kijana akasema kwa sauti ya kuchoka, “Bibi, hauna alama.”

Mama akanigeukia, akauliza taratibu kwa sauti ambayo sijaisahau, “Baba, mashine inasema mimi si mimi?”

Niwaeleze wasomaji wasioifahamu kazi ya kule kwetu. Mama alibangua korosho kwa mkono kwa zaidi ya miaka 30. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mbanguaji hupaka majivu mikononi ili ajikinge, lakini majivu si ngao ya kutosha. Mkono mmoja unashika korosho kwa kidole gumba na cha shahada, mwingine unapiga. Ngozi inaungua, inachubuka, inaota upya, inaungua tena. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vidole hivyo. Kwa maneno mengine, alama za vidole vya mama ziligeuka kuwa shahada zangu, na ile ya mwisho, ya uzamivu, imetundikwa ukutani ofisini kwangu kwenye fremu ya kioo.

Sasa nikiri kosa langu. Mtu mwenye shahada hiyo, aliyekuwa amewaambia wanafunzi wake muhula uliotangulia kwamba usajili wa alama za vidole ni hatua ya maendeleo isiyo na mjadala, alifanya nini siku ile? Alitazama saa. Aliona foleni. Akamwambia kijana, “Isajili kwa jina la mjukuu wake, huyu hapa, ana namba ya NIDA.” Mpwa wangu akaweka kidole. Taa ikawaka kijani mara moja. Tukaenda kula.

Nisieleweke vibaya. Simo kwenye kundi la wasomi wanaoilaani simu huku wakiiandikia laana hiyo kwenye simu. Baba yangu alifariki mwaka 1998, nikiwa kidato cha tano mkoani Tabora. Ndugu walipeleka tangazo Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwalimu wa zamu alilisikia jioni, akaniita. Nilifika Newala baada ya siku nane, kwa treni, kwa basi, kwa kivuko cha Rufiji pale Ndundu na kwa lori, kwa kuwa Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Nilikuta kaburi limekwisha kuota majani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maisha yalikuwa bora kabla ya simu, huwa namwuliza kama aliwahi kuukosa mkono wa mwisho wa mzazi kwa sababu ya umbali. Na huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipofika kwetu mwaka 2008, baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, niliacha kumpa dereva wa basi bahasha na kumwombea afike salama.

Wala usajili wenyewe haukuwa wazo la kipuuzi. Nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”? Nchi ina haki ya kujua laini inayotumika kuibia watu ni ya nani. Hoja hiyo niliifundisha, na bado naiona ina uzito. Kasoro niliyoifumbia macho ilikuwa nyingine kabisa, na ilichukua miezi zaidi ya ishirini kunifikia.

Mwaka 2021, mwishoni, mama alipangiwa siku ya kwenda kutazamwa macho hospitali. Nilimtumia shilingi 180,000 za nauli, malazi na matibabu. Baada ya wiki tatu nikampigia kumwuliza daktari amesemaje. Akasema wamehairisha. Sauti yake haikuwa ya mtu anayesema kweli, na mama si hodari wa kusema uongo. Nilipombana kwa upole ndipo akaeleza. Mpwa wangu alikuwa amechukua mkopo wa simu kupitia laini ile, akanunua tairi na mnyororo wa pikipiki yake ya bodaboda. Biashara ikawa mbaya, mkopo ukalala, ukazaa tozo na riba. Fedha yangu ilipoingia, mfumo ukajilipa. Zilibaki 31,000. Mama alinyamaza kwa wiki tatu ili asimwaibishe mjukuu wake mbele ya mjomba.

Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ile. Binti aliyepokea alikuwa na adabu. Aliuliza namba, kisha jina la mwenye laini. Nikamweleza kisa chote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Samahani sana mzee wangu, lakini kwenye mfumo mama yako si mteja wetu.”

Alisema kweli. Mfumo ulikuwa umeandika jambo tuliloliandika sisi wenyewe chini ya ule mwavuli. Kwa miezi ishirini na zaidi mama alikuwa akiishi kama mpangaji ndani ya namba yake mwenyewe, na aliyempangisha humo nilikuwa mimi.

Mpwa wangu simtetei, ila simtundiki. Kijana wa miaka 22 asiye na dhamana ya benki alipewa mlango wa kukopa unaofunguka kwa kubonyeza tarakimu chache, usiku, bila mtu wa kumwuliza atalipaje. Akaingia. Wazazi wetu walikuwa wakikopa dukani kwa jirani aliyewajua, na aibu ya kudaiwa ilikuwa na uso. Mkopo wa simu hauna uso, na ndiyo maana ni rahisi kuuchukua na vigumu kuuombea msamaha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno hili, mfumo. Ndugu zangu watumishi wa umma mnalifahamu kuliko mimi. Mfumo uko chini. Mfumo unasumbua. Mfumo haukubali. Zamani mwananchi akinyimwa haki yake alikuwa na mtu wa kumlalamikia. Angeweza kumkuta mtendaji, akamwomba, akagombana naye, akamshitaki kwa mkuu wake. Leo mtendaji naye hunyanyua mabega akageuza kioo cha kompyuta ili mwananchi ajionee mwenyewe. Wote wawili wanakitazama, na hakuna hata mmoja mwenye mamlaka juu yake. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi ya roboti zote za kwenye filamu.

Kila kifaa hubeba ndani yake picha ya mtu ambaye waliokitengeneza walimfikiria. Kile kifaa pale stendi kilimfikiria mtu mwenye kidole laini kama changu, kidole cha kushika kalamu. Hakikumfikiria mbanguaji wa korosho, mponda kokoto, mfinyanzi, wala bibi wa miaka 80. Tazama jinsi jambo hili lilivyokaa upande: korosho ni miongoni mwa mazao yanayoiletea nchi hii fedha za kigeni, na waliozibangua kwa mikono ndio ambao mashine haiwatambui.

Hatuko peke yetu. Uhindi, yenye mfumo mkubwa kuliko yote duniani wa utambuzi kwa alama za mwili, Aadhaar, ililifikisha jambo hili Mahakama Kuu ya juu kabisa, na hukumu ya Septemba 2018 ilisisitiza kwamba mtu asinyimwe stahili yake kwa sababu tu kifaa kimeshindwa kumtambua. Jirani zetu Kenya walilipeleka suala la Huduma Namba mahakamani, na Januari 2020, mwezi uleule wa foleni yetu ya Newala, Mahakama Kuu ikaruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwepo kwanza kanuni za kuwalinda watu. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Imegusa hata maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Lakini sheria haisimami kwenye foleni na bibi. Anayesimama naye ni kijana wa wakala, na yule wa kwetu hakuwa na njia nyingine yoyote aliyofundishwa.

Mwaka 2023 nilimpeleka mama tena, safari hii kwenye ofisi ya wilaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na barua ya mtendaji wa kijiji mfukoni. Tulimkuta mtumishi mmoja wa kike, wa makamo. Alimkaribisha mama kiti. Akamshika mikono, akaigeuza chini ya mwanga wa dirisha, akauliza, “Mama, ulikuwa ukifanya kazi gani?” Mama akasema alikuwa akibangua. Yule mama akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuiona mikono ya namna hiyo. “Basi tujaribu kidole cha mwisho cha kushoto. Hicho huwa hakishiki korosho.”

Akakipangusa, akakikandamiza taratibu mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu taa ikawaka kijani. Ilituchukua dakika 20 kwa jumla. Mama akamshika yule mtumishi mkono, wala hakusema neno kwa muda.

Kifaa kilikuwa cha aina ileile. Tofauti pekee ilikuwa mtu aliyeuliza swali, na nafasi aliyopewa ya kuliuliza. Lakini nisimalizie kwa furaha nisiyoistahili. Jirani yetu, ambaye amebangua na mama tangu ujana wao, alijaribiwa vidole vyote kumi na havikusoma hata kimoja. Hadi leo anatumia laini ya mkwewe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa watumishi wa umma na watunga kanuni: kila huduma inayofunguliwa kwa kidole iwe na mlango wa pili ulioandikwa, unaojulikana na wakala wa mwisho kabisa, ambapo mtendaji wa kijiji na watu wawili wanaomfahamu mtu wanaweza kusema huyu ndiye, na ikakubalika. Pia, wahesabiwe waliokataliwa. Takwimu za waliosajiliwa hutangazwa. Za waliorudishwa nyumbani sijawahi kuzisikia. Kwa wanafunzi wangu, hasa mnaosoma tehama: kabla hujakiita kifaa chako suluhisho, kipeleke kwa bibi yako, ukae pembeni utazame bila kumsaidia.

Na kwa sisi watoto tuliosoma, tunaorudi vijijini mara mbili kwa mwaka na saa mkononi: tusiwe wepesi wa kusema andika jina la mwingine. Niliokoa saa moja ya mchana wangu, na mama akapoteza jina lake kwa miaka mitatu. Jicho lake la kushoto lilitibiwa hatimaye, kwa kuchelewa. Anaona, ila si kama ambavyo angeona.

Juzi alinipigia kwa laini yake. Kwenye simu yangu likatokea jina lake kamili, kama lilivyosajiliwa. Niliacha iite mara mbili kabla ya kupokea, nilisome tu.