Saa za Jioni ni za Familia Nzima



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, maharagwe, ng'ombe na udongo. Labda utauliza: bwana shamba ana neno gani kuhusu televisheni? Ninalo. Siku hizi nikiwatembelea wakulima jioni, naikuta televisheni katika nyumba nyingi. Nyingine hutumia umeme wa jua. Televisheni ni moja na chumba ni kimoja. Baba yumo, mama yumo, nyanya yumo, na watoto wamo. Kinachoonyeshwa huonwa na wote.

Kwa sababu hiyo nchi yetu ya Kenya imeweka masharti. Yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Nitaeleza mawili.

Sharti la kwanza ni la saa. Kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku, vituo vya televisheni vinatakiwa kuonyesha mambo ambayo mtoto anaweza kuyaona. Vipindi vya watu wazima vingoje mpaka saa 4 usiku ipite.

Sharti la pili ni la vipindi vya nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2016 zilitaja asilimia 40. Maana yake, katika kila saa 100, saa 40 ziwe za vipindi vya Kenya.

Kwa nini sharti hili liliwekwa? Kutengeneza kipindi kunataka waigizaji, mafundi, kamera na gari. Mara nyingi ni rahisi zaidi kununua kipindi cha nje kilichokwisha kutengenezwa. Mfanyabiashara hupenda kilicho rahisi. Bila sharti, vipindi vyetu vingekuwa vichache.

Nilipokuwa mtoto, tulikwenda kwa jirani kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Televisheni yake ilitumia betri ya gari. Wazee walicheka, na sisi watoto tulicheka. Hakuna aliyeinamisha uso kwa aibu mbele ya mkwewe. Watu tuliowaona walisema kama sisi, na makosa yao yalikuwa kama yetu.

Kipindi cha nyumbani kinaweza pia kufundisha kazi. Mwaka 2012 kilianza kipindi kiitwacho Shamba Shape Up. Wataalamu humtembelea mkulima mdogo, wakatengeneza pamoja naye banda, shamba au kisima. Mama mmoja katika eneo langu hakuwahi kuja kwenye mikutano yangu. Mikutano huwa mchana, naye mchana yuko sokoni. Siku moja alinisimamisha njiani. Aliniuliza jinsi ya kuchimba shimo la kuhifadhi majani ya ng'ombe. Alikuwa ameona jambo hilo jioni katika televisheni. Mkulima aliyeonyeshwa alikuwa na ekari moja kama yeye, na alisema Kiswahili. Tulichimba shimo hilo. Kiangazi kilipofika, ng'ombe wake walikula.

Si watu wote wanaoyapenda masharti haya. Mzee mmoja, rafiki yangu, aliniambia, "Bwana shamba, nyumba ni yangu na televisheni ni yangu. Kwa nini serikali inichagulie?"

Ni swali la haki. Nilimjibu, "Mzee, hukukatazwa. Baada ya saa 4 watoto wamelala. Tazama upendavyo. Lakini saa 2 usiku mjukuu wako ameketi karibu nawe. Yeye hawezi kuizima."

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Sawa. Lakini basi watuonyeshe vipindi vyetu vilivyo vizuri. Vingine ni kelele tu."

Hapo alisema kweli. Ua huzuia mbuzi wasiingie shambani, lakini ua haupalilii mahindi. Masharti yanaweza kuzuia kipindi kibaya. Hayawezi kukifanya kipindi kiwe kizuri. Kazi hiyo ni ya watengenezaji, na pia ni yetu sisi watazamaji.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tusome alama za filamu. Ziko alama nne. GE ni kwa watu wote. PG maana yake watoto watazame pamoja na mzazi. 16 maana yake aliye chini ya miaka 16 asitazame. 18 maana yake ni ya watu wazima tu.

Pili, tukae na watoto wetu. Wakiuliza jambo waliloliona, tuwajibu.

Tatu, tukiona jambo lisilofaa kabla ya saa 4 usiku, tuandike. Andika jina la kituo, jina la kipindi, tarehe na saa. Eleza ulichokiona kwa maneno machache. Peleka barua kwa kituo chenyewe kwanza. Usiporidhika na jibu, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Nne, tukiona kipindi chema, tuandike pia na kukisifu. Kituo kisiposikia neno kutoka vijijini, kitadhani watazamaji wote wako mjini.

Zamani wengi wetu tulisema, "Nitaandikaje nami sijui kusoma?" Wewe unayesoma gazeti hili sasa unajua. Barua ya mistari mitano inatosha. Chukua kalamu.