Maji Nayo Yamo

Nilipokuwa kidato cha nne, shule yetu haikuwa na tone la bromini. Tuliijua kwa chaki. Mwalimu alichora neli ya majaribio ubaoni, akaijaza chaki ya rangi ya chungwa, kisha akaifuta kwa kiganja. "Hapo alkeni imepita." Tukaandika: rangi inapotea; ikiwa ni alkani, inabaki. Mtihani nilifaulu, ila kichwani alkeni ilibaki kuwa kifutio.

Kidato cha tano nikaiona bromini yenyewe. Maji ya bromini yanafanana na chai ya rangi iliyozidishiwa maji, na harufu yake inakaba koo. Hata jina, lililotoholewa kutoka Kigiriki mwaka 1826, maana yake ni uvundo. Fundi wa maabara alipasha ethanoli na asidi kali ya salfuriki hadi kama nyuzi 170, na etheni iliyotoka, ndiyo alkeni yetu, akaipitisha kwanza kwenye chupa ya sodiamu haidroksaidi. Nikaona anajichosha bure. Kumbe mchanganyiko ule huzaa pia dioksidi ya salfa, ambayo nayo huiondoa rangi ya bromini. Bila chupa ile tungeisifu etheni kwa kazi ya jirani. Mapovu yakapanda, chai ikapauka, pakabaki kama maji ya kisima.

Hapo nikajifunza kwamba hakuna kilichofutwa. Kaboni mbili za etheni zimeshikana kwa mikono miwili. Mmoja ukiachia, bromini inadakwa. Imo bado, ila si ile jozi yenye rangi. Zao lake nikaliandika dibromoethani, bromini moja kwa kila kaboni, na nilipopata kazi ya ualimu nikalifundisha hivyo hivyo kwa miaka.

Hadi binti mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono. "Madamu, maji ni mengi kuliko bromini. Yenyewe yamekaa tu?"

Nikamwambia tutaliona kipindi kijacho, kauli yetu walimu tukikwama. Usiku nikafungua kitabu cha chuo. Mwaka 1937, Roberts na Kimball wa Marekani walipendekeza kwamba bromini ya kwanza hukaa kama daraja juu ya kaboni zote mbili, ikiwa na chaji chanya. Anayewahi kuingia kwa upande wa nyuma ndiye anayelivunja daraja, na ndani ya neli ile maji ndiyo umati. Kwa hiyo zao kubwa ni bromoethanoli. Ile dibromoethani yangu hutawala bromini inapoyeyushwa kwenye kitu kama heksani, kisicho na maji. Kesho yake nilifuta ubao mbele ya yule binti, akachekea kwenye daftari.

Siku hizi sihangaiki na asidi. Nachukua mafuta ya alizeti dukani na ya nazi kwa mama, natia maji ya bromini, natikisa. Alizeti, yenye kaboni nyingi zilizoshikana kwa mikono miwili, inameza tone baada ya tone. Nazi inazo chache, hivyo inapokea matone machache, halafu inagoma: rangi inahamia kwenye mafuta, inatulia humo. Mwaka jana darasa zima lilishikilia kwamba mafuta ya mama yamechakachuliwa.